Miguu ya Watu Watano

Mzee alinifundisha kutoutazama mpira. Lilikuwa somo langu la kwanza Nebraska, kabla hata ya somo la udongo lililonipeleka kule, na lilinichukua msimu mzima kuliingiza kichwani.

Nilifika mji wa Lincoln mwezi Agosti 2000, nikitokea Kongwa, kusoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Nebraska. Nilipanga chumba cha chini katika nyumba ya mkulima mstaafu na mkewe, karibu na kampasi ya mashariki, waliko watu wa kilimo. Nilimwita Mzee, nikamweleza maana ya neno na heshima iliyomo ndani yake, akalipenda mpaka jirani zake nao wakaanza kumwita hivyo. Mkewe nilimwita Mama. Nchi yenyewe haikunipa shida. Ni tambarare kama kwetu, upepo hauna wa kuuzuia, mahindi yamesimama mpaka jicho linachoka. Kilichonishangaza ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba, nilipoamka na kukuta mji mzima umevaa nyekundu.

Nebraska ina timu moja tu inayogusa roho ya kila mtu, timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani. Ni ya mwenye trekta, ya mwalimu, ya mchungaji, ya kinyozi. Uwanja wake, Memorial Stadium, ulikuwa umejaa katika kila mechi ya nyumbani tangu Novemba 1962. Wenyeji hupenda kusema kwamba siku ya mechi uwanja huo ndio mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo lote, baada ya Omaha na Lincoln, na hesabu inawakubalia. Tiketi za msimu hurithishwa kama shamba. Mzee alikuwa nazo mbili, na kwa kuwa Mama alikuwa na maumivu ya nyonga yasiyomruhusu kupanda ngazi zile, moja ikawa yangu.

Kwa asiyeujua mchezo, jambo lenyewe ni hili. Timu hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi kumi. Zikitimia, inapewa mengine manne, hivyo hivyo mpaka ifike mwisho wa uwanja wa wenzao. Unaweza kuurusha mpira hewani kwa mwenzio aliye mbali, au ukaukumbatia kifuani ukakimbia nao katikati ya watu wanaotaka kukuangusha. Nebraska walikuwa watu wa kukimbia. Mvua inyeshe, theluji ianguke, mpinzani ajue kabisa kinachokuja, wao watakimbia.

Nilipofika, enzi kubwa ilikuwa imetoka kupita, na harufu yake bado ilikuwa nyumbani. Kocha Tom Osborne alikuwa amestaafu mwishoni mwa msimu wa 1997, baada ya miaka 25 na ushindi wa mechi 255, na katika miaka yake minne ya mwisho alichukua ubingwa wa taifa mara tatu: 1994, 1995 na 1997. Novemba yangu ya kwanza kule, watu wa magharibi ya jimbo walimchagua kuwa mbunge wao kule Washington, kwa kura zilizomwacha mpinzani wake mbali sana. Mzee alinisimulia timu ya 1995 kama babu anavyosimulia mwaka wa mavuno. Walikimbia wastani wa yadi 399 na ushei kwa kila mechi. Katika fainali na Florida, Januari 1996, walikimbia yadi 524 na kushinda 62 kwa 24, na kwotabeki wao Tommie Frazier, yule anayepokea mpira kwanza na kuamua uende wapi, aliponyoka mikononi mwa karibu nusu ya timu ya Florida katika mbio moja ya yadi 75. Mzee alikuwa na kanda ya mechi hiyo. Tuliitazama majira ya baridi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Lakini aliyoipenda zaidi haikuwa hiyo. Aliipenda ya mwaka mmoja nyuma, Januari 1, 1995, dhidi ya Miami, nyumbani kwao Miami. Jioni moja alitoa punje za mahindi kwenye mfuko wa koti, maana punje hazikosekani kwenye koti la mkulima hata akiwa amestaafu, akazipanga juu ya meza ya jikoni. Punje tano mstari mmoja.

“Hawa ndio timu,” akasema. “Wengine wote ni wageni wao.”

Hao ndio watu watano wa mstari wa mbele: mmoja katikati, walinzi wawili ubavuni mwake, na wawili nje yao. Wanene, wazito, majina yao hayaimbwi. Msimu mzima unaweza kupita bila mmoja wao kukimbia na mpira. Kazi yao ni kumsukuma mtu aliye mbele yao mpaka njia ipatikane. Mzee akaweka punje nyingine upande wa pili, wapinzani, kisha akanionyesha ule mchezo wanaouita mtego. Unamwacha mpinzani mmoja aingie bila kuguswa. Anaona mlango uko wazi, anaingia kwa nguvu zake zote. Wakati huo huo mlinzi wa upande wa pili ameshaondoka mahali pake, anakuja mbio nyuma ya mstari, na anampiga yule mtu ubavuni kabla hajajua ametoka wapi. Punje ya Mzee ikaigonga ile nyingine, ikaruka ikaanguka sakafuni. Palepale ilipokuwa imesimama ndipo njia ilipofunguka, na Mzee akaipitisha humo punje ya mwisho, polepole, kwa kidole cha shahada.

Punje hiyo ilikuwa Cory Schlesinger, fulibeki, kijana wa huko huko mashambani Nebraska. Timu ilikuwa nyuma 17 kwa 9 katika robo ya mwisho. Alipita kwa mtego akakimbia yadi 15 akafunga. Baadaye akapita tena kwa mtego ule ule, yadi 14, akafunga. Ikawa 24 kwa 17, na Osborne akapata ubingwa alioutafuta kwa miaka 22. Mzee alisema, na nimekuja kuamini, kwamba mechi ile haikushindwa robo ya nne. Ilishindwa robo tatu za mwanzo, wakati wale watano walipokuwa wakiwasukuma wenzao bila kupata kitu, mara thelathini, mara arobaini, mpaka miguu ya Miami ikaisha.

Uwanjani nilikuwa bado natazama mpira, kwa mazoea ya soka. Mzee alinigonga goti. “Kijana, achana na mwenye mpira. Tazama miguu ya hawa watano. Ikienda mbele, tunakimbia. Ikirudi nyuma, tunarusha.” Akanionyesha na mikono pia. Mtu wa mstari huinama na kuweka vidole vya mkono mmoja chini. Akiwa anataka kwenda mbele, uzito wote unaingia kwenye vidole na vifundo vyake vinabadilika rangi. Kwa darubini ya Mzee nilikuwa naviona. Mwisho wa msimu ule niliweza kumwambia mchezo unakokwenda kabla mpira haujatoka, naye alitikisa kichwa kwa furaha kama mwalimu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba nilikuwa natazama jua la saa kumi na moja.

Mwaka 2001 ulitudanganya. Kwotabeki alikuwa Eric Crouch, mtoto wa Omaha, mwepesi ajabu, na mchezo wa chaguo ulimkaa kama nguo aliyoshonewa. Katika mchezo huo kwotabeki anakimbia kandokando ya mstari, mwenzake anamfuata hatua chache nyuma na pembeni. Mpinzani mmoja ameachwa makusudi bila wa kumzuia. Akimvaa kwotabeki, mpira unarushwa kwa mwenzake. Akimfuata mwenzake, kwotabeki anaingia mwenyewe. Lolote atakaloamua yule mtu, amekosea. Crouch alikuwa na macho ya kumsoma mtu yule kwa kufumba na kufumbua. Oktoba tuliwafunga Oklahoma 20 kwa 10, na watu waliimba mpaka Barabara ya O, katikati ya mji, usiku. Tulikuwa hatujafungwa mechi hata moja.

Kisha ikaja Novemba 23, siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani, kule Boulder. Colorado walitufunga 62 kwa 36. Tuliitazama sebuleni, Mama akiwa na sahani ya mabaki ya bata mzinga mapajani. Mbebaji mpira wao, Chris Brown, alifunga mara sita. Mzee hakusema neno kwa muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na ukuta: “Wametupiga kwa mchezo wetu.” Mstari wa mbele wa Colorado ulikuwa ukiwasukuma wetu kama sisi tulivyozoea kuwasukuma watu. Wiki mbili hivi baadaye Crouch alitunukiwa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, na mji ukafurahi tena. Januari tukafungwa na Miami 37 kwa 14 katika mechi ya ubingwa. Mzee aliipokea tuzo ya Heisman kwa heshima, lakini moyo wake ulikuwa umebaki Boulder.

Msimu wa 2002 ndio ulionifundisha kwamba namba inaweza kusema kweli na bado ikaficha ugonjwa. Ukitazama yadi tu, tulikuwa bado timu ya kukimbia. Kwotabeki mpya, Jammal Lord, alikimbia yadi 1,412 peke yake, na hakuna kwotabeki wa Nebraska aliyewahi kufikia hapo katika msimu mmoja. Lakini kwa nini kwotabeki awe ndiye mkimbiaji mkuu? Kwa sababu njia hazikufunguka mahali palipopangwa. Mchezo ukivunjika, Lord alikuwa anajiokoa kwa miguu yake, na kila kujiokoa kulihesabiwa yadi. Niliiona kwa darubini: mlinzi wa mtego akichelewa nusu hatua, na nusu hatua hiyo ndiyo mchezo wote. Septemba Penn State walitufunga 40 kwa 7. Septemba ile ile Iowa State walitufunga 36 kwa 14, na tukatoka kwenye orodha ya timu 25 bora kwa mara ya kwanza tangu 1981. Tulimaliza tukiwa tumeshinda saba na kufungwa saba. Mwaka wa mwisho ambao Nebraska ilikuwa imeshindwa kumaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo ulikuwa 1961, na Mzee wakati huo alikuwa bado hajaoa.

Nilimpigia simu baba Kongwa kwa kadi ya dola tano. “Shikamoo baba.” “Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imelegea, unaumwa?” Nikamwambia timu yetu imefungwa. Akanyamaza kidogo. “Timu yenu? Na huo mpira wa kushika mkononi?” Nikamweleza juu ya wale watano na mtego. Alisikiliza mpaka kadi ilipokaribia kuisha, akasema, “Ni kama kulima kwa ng'ombe. Jozi ya mbele ikilegea, hata uwe na plau ya namna gani.” Nilipomtafsiria Mzee maneno hayo, aliyaandika nyuma ya bahasha na kuibandika kwenye jokofu.

Mwisho wa msimu ule kocha wa mstari wa mbele, Milt Tenopir, aliyewafundisha watu hao tangu 1974, alistaafu. Sikusikia watu wengi wakilizungumza. Kwa maoni yangu lilikuwa jambo kubwa kuliko matokeo yoyote ya mwaka ule, kwa sababu ujuzi wa namna ile hauandikwi kitabuni ukabaki hai. Unakaa katika sikio la mtu anayejua mlio wa bega likipigwa sawasawa.

Mwaka uliofuata kocha mkuu, Frank Solich, alishinda mechi tisa na kufungwa tatu. Siku moja baada ya kuwafunga Colorado, aliachishwa kazi. Alikuwa amechezea timu hiyo hiyo akiwa kijana miaka ya 1960, akawa msaidizi wa Osborne miaka mingi. Mama alilia. Mimi niliumia pia, na sijabadili mawazo: mtu mwenye ushindi tisa mkononi alistahili kuachiwa muda wa kuutengeneza mstari wake.

Akaja Bill Callahan, kutoka ligi ya kulipwa, ambako timu yake ya Oakland ilikuwa imefika Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, mwaka mmoja nyuma. Alikuja na mchezo wa kurusha. Aprili 2004 tulikwenda kwenye mechi ya majira ya kuchipua, ile ambayo timu hujigawa ikacheza yenyewe kwa yenyewe. Jua lilikuwa zuri, watoto wamebebwa mabegani, kila mtu ana matumaini. Mpira wa kwanza ukarushwa ukashikwa, watu wakashangilia. Mzee akanipa darubini bila kusema kitu. Nikatazama miguu. Yote mitano ilirudi nyuma.

Walikuwa wamesimama wameinuka zaidi, vidole havibebi uzito, na mpira ulipotoka walipiga hatua za kinyumenyume, mikono mbele, kama watu wanaoufunga mlango. Si kosa, ndivyo unavyomlinda mrushaji. Lakini kijana aliyezoezwa miaka mitatu kupiga hatua ya kwanza mbele humgeuzi kwa miezi mitatu, na mwili wake haukuumbwa wala kulishwa kwa kazi hiyo. Nikamrudishia darubini. “Umeona,” akasema. Haikuwa swali.

Yaliyofuata yameandikwa. Oktoba 9, kule Lubbock, Texas Tech walitufunga 70 kwa 10. Sijawahi kusikia sebule ikiwa kimya vile. Novemba 26 Colorado wakatufunga nyumbani 26 kwa 20, tukamaliza na ushindi tano na vipigo sita, na ule mfululizo wa miaka 35 ya kucheza mechi maalumu za mwisho wa mwaka ukakatika. Tulikuwa uwanjani. Watu walibaki vitini wakawapigia makofi Colorado walipokuwa wakitoka, kama wanavyowafanyia wageni siku zote, wakiwafunga au wakifungwa nao. Baridi ilikuwa kali, machozi yanauma mashavuni. Mzee alipiga makofi na glovu zake za kazi mpaka mchezaji wa mwisho wa Colorado alipoingia ndani.

Usiku ule jikoni tulijaribu kuelewa mambo yalianza kuharibika wapi. Mimi nilitaja makocha. Mzee akaenda mbali zaidi. Zamani, alisema, mazoezi yalikuwa yanaendeshwa sehemu nne kwa wakati mmoja, kwa sababu kulikuwa na vijana wengi, na wengi wao ni watoto wa mashambani waliojilipia ada wenyewe wapate tu kuivaa ile jezi. Kila mmoja alirudia mchezo ule ule mara nyingi kwa siku kuliko wenzake wa vyuo vingine kwa wiki. Halafu miaka ya 1990 nafasi za ufadhili kwa kila timu zilipunguzwa mpaka 85, vipaji vikatawanyika, na timu zilizokuwa dhaifu zikapata watu wa kasi. Nebraska yenyewe ndiyo iliyoajiri kocha wa mazoezi ya nguvu, Boyd Epley, tangu 1969, wakati wengine wakiamini vyuma vinamfanya mchezaji awe mzito. Kufikia mwaka 2000 kila chuo kilikuwa na vyuma na kocha wake. “Siri yetu ilikuwa kurudia,” Mzee akasema. “Mtu anaweza kuacha kurudia mwaka mmoja tu, na kitu kikaondoka.”

Niruke mbele kidogo, kwa sababu jambo hili limenikaa. Desemba 2012 nilikuwa nimesharudi nyumbani Dodoma nilipoona matokeo ya fainali ya ligi yao mpya: Wisconsin 70, Nebraska 31. Wisconsin walikuwa wamekimbia yadi 539. Mkurugenzi wa michezo wa Wisconsin wakati huo, na aliyerudi benchi kama kocha mwezi uliofuata, alikuwa Barry Alvarez, aliyeichezea Nebraska miaka ya 1960. Alipokwenda Wisconsin kama kocha mwaka 1990, alijenga timu juu ya mstari wa mbele uliojaa vijana wa jimboni. Kile tulichokiacha kilikuwa kimehifadhiwa kwa jirani, kikaja kututembelea.

Mwaka 2005 tulirudi uwanjani kila Jumamosi kana kwamba hakuna kilichotokea. Urushaji ulianza kukaa sawa. Kukimbia kulibaki kama bomba lenye kutu, linatoa tone, linakatika, na Jumamosi nyingine tulikuwa tunahesabu yadi mbili, yadi moja, sifuri. Mbebaji wetu alikuwa Cory Ross, mfupi, kifua kipana, mtu asiyelalamika. Alikuwa anapigwa kabla hajaushika mpira vizuri, anainuka, anaurudisha kwa mwamuzi kwa mkono wake. Nilimpenda sana kijana yule. Desemba 28, katika Alamo, mojawapo ya zile mechi maalumu za mwisho wa mwaka, dhidi ya Michigan, tulikuwa nyuma 28 kwa 17 robo ya mwisho, tukashinda 32 kwa 28. Ross alikimbia yadi 161. Sebuleni Mzee alisogea ukingoni mwa kiti, akashusha miwani puani. Hakumtazama Ross. Alikuwa anahesabu kwa sauti, “Mmoja… wawili… wanakwenda, kijana, wanakwenda mbele,” na mkono wake ulikuwa umenishika kifundo cha mkono kwa nguvu za mtu wa miaka ishirini.

Niliondoka wiki mbili baadaye, shahada mkononi. Mama alinifungia sanduku akaweka ndani blanketi nyekundu. Mzee alinipeleka uwanja wa ndege akipitia kwenye uwanja wa mpira, ingawa si njia. Theluji ilikuwa imefunika viti vyote. Alisimamisha gari, injini ikiwaka, tukakaa tukitazama kupitia lango.

Aprili nilimpigia kutoka Dodoma. Nilijua mechi ya majira ya kuchipua imechezwa jana yake, na kwangu ilikuwa usiku, mbwa wa jirani wanabweka. Mama ndiye aliyeshika simu, akanisalimu, akauliza kama nakula vizuri, kisha nikasikia kiti kikivutwa.

“Mzee, habari za huko?”

“Mvua imenyesha vizuri,” akasema. “Watapanda mapema mwaka huu.”

“Na miguu?”

Alichukua muda. Nilisikia kitu kikigusa meza, kidogo, kama punje.

“Watatu mbele,” akasema. “Wawili bado wanasitasita. Yule mlinzi wa kushoto ni mtoto wa shamba, nimemwona anavyoinama. Nipigie Septemba.”